Ndege ya Hammarskjöld iliangukaje? Mwongozo kamili wa kubishania nadharia bila kupotezana

Mabishano mengi kuhusu ajali ya Ndola, iliyomuua Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa Dag Hammarskjöld mwaka 1961, hufunguliwa na swali moja: "Nani aliiangusha ile ndege?" Swali hilo limeshatoa hukumu. Limekubali kwamba ndege iliangushwa, na limebakiza kazi ya kutafuta jina la kubandika. Ukilijibu kabla ya kulivunja, mtabishana mpaka majogoo na kila mtu ataondoka na mshukiwa wake mfukoni, yule yule aliyekuja naye.

Mwongozo huu ni wa watafiti wa kujitegemea: walimu, waandishi, mafundi, wastaafu, wanafunzi, yeyote anayesoma nyaraka za kifo cha Dag Hammarskjöld kwa mapenzi yake bila kulipwa. Unahitaji daftari nene, kadi za karatasi zipatazo 100, ramani ya Zambia na Katanga (jimbo la kusini mwa Kongo) yenye vipimo, rula, na watu watano hadi wanane wanaovumilia kukosolewa. Wakizidi kumi, kikao kinageuka mkutano wa hadhara.

Kwanza yale ambayo hayabishaniwi. Usiku wa kuamkia Jumatatu, 18 Septemba 1961, ndege aina ya DC-6B, namba SE-BDY, jina Albertina, mali ya shirika la Transair la Sweden, ilianguka msituni takriban kilomita 15 magharibi mwa kiwanja cha Ndola, Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Ilibeba watu 16, akiwamo Hammarskjöld, aliyekuwa akitoka Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, kwenda kuonana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyokuwa imejitenga na Kongo, ili mapigano ya huko yasimamishwe. Aliyeokolewa hai ni mmoja, mlinzi Mmarekani Harold Julien, naye akafariki hospitalini siku chache baadaye.

Tume ya serikali ya Rhodesia, mwaka 1962, ilisema ni kosa la rubani. Tume ya Umoja wa Mataifa ya mwaka huo huo ilisema haiwezi kufuta uwezekano wa hujuma wala shambulio. Mwaka 2013 jopo la wanasheria waliojitolea, chini ya jaji Mwingereza Stephen Sedley, lilisema ushahidi mpya unatosha kulifungua faili. Tangu 2015 kazi hiyo imekuwa mikononi mwa Mtanzania, Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ripoti yake ya 2017 ilisema inaingia akilini kwamba shambulio au tishio kutoka nje huenda lilikuwa sababu mojawapo ya ajali. Shika maneno hayo yalivyo. "Inaingia akilini" si "imethibitika", na atakayeyageuza mbele ya kikao asahihishwe pale pale, hata kama yuko upande wako.

Hatua ya 1: Gawa kila dai mafungu matatu

Kabla mtu hajaanza kutetea nadharia, mtake aseme anazungumzia fungu lipi.

Namna: ndege ilifikaje chini? Mkono: kama kuna mtu aliyesababisha, ni nani? Ufichaji: baada ya ajali, nani alichelewesha, alinyamaza au alizuia nyaraka?

Mafungu haya yana ushahidi tofauti, na kosa kubwa kuliko yote katika mjadala huu ni kutumia ushahidi wa fungu la tatu kuthibitisha la kwanza. Mfano wake maarufu ni saa za kuchelewa. Rasmi, mabaki yaligunduliwa saa tisa na dakika kumi alasiri, karibu saa 15 baada ya ajali, wakati yalikuwa kilomita 15 tu kutoka uwanjani. Julien alilala msituni na majeraha ya moto muda wote huo. Jambo hilo ni zito, na halijapata maelezo ya kuridhisha. Lakini linaingia ndani ya nadharia zaidi ya moja. Linaingia kwenye njama. Linaingia pia kwenye uzembe na kiburi: Lord Alport, mwakilishi wa Uingereza aliyekuwapo uwanjani, alishikilia kwamba Hammarskjöld ameamua kwenda kwingine, na watu wakaenda kulala. Kadi ya ushahidi inayokaa sawa kwenye nadharia mbili haimpi ushindi yeyote. Iandike, iweke pembeni, mwendelee.

Tatizo jingine la kuruka hadi "mkono" ni kwamba orodha ya waliomchukia Hammarskjöld mwaka ule ni ndefu: walowezi wa Rhodesia, wakubwa wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya machimbo ya Katanga, mamluki wa Katanga, na maofisa wa zaidi ya serikali moja. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alikuwa ameuawa Januari ya mwaka huo huo, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema watu hao hawakuwa na uwezo wa kuua. Lakini sababu ya kutaka mtu afe wanayo wengi. Aliyekuwa na chombo, muda na taarifa ndiye wa kutafutwa. Rais mstaafu wa Marekani Harry Truman aliwaambia waandishi siku chache baada ya ajali kwamba "walimuua". Kauli hiyo hunukuliwa kila mwaka. Truman hakuwa Ndola, na hakusema alijuaje. Kadi yake ni ya chini kabisa.

Hatua ya 2: Andika nadharia zote kwenye karatasi moja

Karatasi kubwa, ukutani. Nadharia kuu ni nne: kosa la rubani, bomu lililotegwa ndani, shambulio la ndege nyingine, na utekaji au jaribio la kuilazimisha ndege ibadili njia. Chini yake ongeza ya tano, ambayo wageni huisahau: mchanganyiko. Yaani ndege nyingine iliisogelea au kuitisha Albertina, rubani akashtuka au akajaribu kukwepa gizani, akapoteza urefu na kugonga miti. Ripoti ya 2017 inaitaja njia hii waziwazi, kwamba kuvurugwa mawazo kwa marubani kwa muda mfupi kungetosha.

Hiyo ya tano inabadilisha mchezo wote. Anayetetea shambulio halazimiki tena kuonyesha matundu ya risasi. Anayetetea kosa la rubani naye hawezi kusema "ndege ilikuwa nzima, basi kesi imekwisha." Ila nadharia ya mchanganyiko ina ubaya wake: ni laini mno, inameza kila kitu. Anayeishika lazima aandike mapema ni ushahidi gani ungemfanya aiachie. Asipoweza kuutaja, mwenyekiti asimpe nafasi ya kuitetea.

Sharti hilo liwe kwa wote. Kila mmoja aandike mstari mmoja: "Nitaiacha nadharia yangu nikionyeshwa kwamba..." Karatasi zikusanywe kabla mjadala haujaanza.

Hatua ya 3: Tengeneza ratiba ya saa, na uilinde

Hapa ndipo vikao vingi huharibika bila mtu kujua. Mwaka 1961 Ndola ilikuwa saa mbili mbele ya GMT, Léopoldville saa moja mbele, New York saa nne nyuma. Nyaraka za kijeshi za Marekani hutumia GMT. Mashahidi wa Ndola hutumia saa ya Ndola. Kisha tunakuja sisi na saa yetu ya Kiswahili juu yake. Mtu akisoma "22:10" na mwingine akasema "saa sita na dakika kumi usiku", wanaweza kudhani wamepata tofauti ya saa mbili, kumbe wanasema dakika ile ile.

Kanuni: ratiba nzima iandikwe kwa GMT na kwa tarakimu. Pembeni weka safu ya saa ya Ndola. Kwa maneno ya mdomo semeni mnavyosema, lakini kisichoandikwa kwa GMT hakiingii kwenye ratiba.

Angalieni na siku. Kwetu usiku hutangulia mchana, kwa hiyo mzee akisema "usiku wa Jumatatu" anaweza kuwa anamaanisha ule ambao kalenda ya ofisini inauita Jumapili tarehe 17. Andikeni "usiku wa 17 kuamkia 18", mara zote.

Vituo vya ratiba ambavyo kila mtu avijue kwa moyo:

15:51 GMT, Albertina inaruka kutoka Léopoldville. Mpango wa safari uliotolewa hadharani ulisema inakwenda Luluabourg, yaani Kananga ya leo. Ukweli ni kwamba ilizunguka mashariki kuelekea Ziwa Tanganyika ili ikwepe anga ya Katanga, redio ikiwa kimya.

20:02 GMT, inavunja ukimya na kuita Salisbury, yaani Harare ya leo.

21:35 GMT, inaita Ndola na kutoa makadirio ya kufika 22:20.

22:10 GMT, inasema inaziona taa za uwanja, iko juu ya Ndola na inashuka. Mnara unathibitisha kipimo cha hewa cha altimita, chombo kinachomwonyesha rubani yuko juu kiasi gani. Baada ya hapo, kimya.

Angalia kilichofichika humo. Kati ya 20:02 na 22:10 kuna saa mbili na dakika nane. Anayedai kwamba adui aliivizia ndege lazima aeleze alijuaje saa ya kufika, na jibu la kawaida ni kwamba alisikiliza redio. Basi muda wake wa kujiandaa ni huo. Kama chombo chake kilihitaji zaidi ya huo, atafute njia nyingine ya kupata taarifa, na aitaje.

Hatua ya 4: Kadi za ushahidi

Kila ushahidi upate kadi moja. Mbele: nani alisema au ni kitu gani, alikuwa wapi saa hiyo, alisema lini kwa mara ya kwanza, nani aliyeandika, kwa lugha gani, kinachopatikana ni asili au nakala. Nyuma: nadharia zipi kinaziunga mkono, zipi kinazidhoofisha, zipi hakizigusi.

Tumieni ngazi nne. A ni kitu kilichopimwa wakati ule na kipimo kikaandikwa. B ni shahidi wa macho aliyeandikwa ndani ya miezi michache. C ni shahidi wa macho aliyehojiwa miaka mingi baadaye. D ni aliyesikia kwa mwingine, au nakala ambayo asili yake haijaonekana. D si takataka. D inakuonyesha pa kuchimba, ila haipigi kura.

Ripoti mzisome wenyewe. Nyaraka za Umoja wa Mataifa ziko wazi, na ukiandika namba yake kwenye maktaba ya kidijitali ya Umoja huo unaipata: A/5069 ni tume ya 1962, A/70/132 ni jopo la 2015, A/71/1042 ni ripoti ya Othman ya 2017, A/73/973 ni ya 2019. Faili za Roy Welensky, waziri mkuu wa Shirikisho la Rhodesia, ziko Oxford. Karatasi za Hammarskjöld mwenyewe ziko maktaba ya taifa ya Sweden. Anayenukuu ripoti ataje namba ya aya. "Nilisoma mahali" irudi ilikotoka.

Hatua ya 5: Wasikilizeni wachoma mkaa ipasavyo

Hapa tukae kidogo, maana ndipo Waafrika wenyewe wanapoingia kwenye kesi hii, na ndipo walipodharauliwa.

Karibu na eneo la ajali walikuwapo wachoma mkaa. Mtu wa mjini huuliza: usiku wa manane msituni walikuwa wakifanya nini? Anayejua tanuri la udongo hawezi kuuliza hivyo. Magogo yakishapangwa, yakafunikwa majani na udongo, yakawashwa, tanuri halilali. Udongo ukipasuka hewa inaingia, moto unapanda, na kazi ya siku nyingi inabaki jivu. Mtu anakesha, anazunguka, anaziba nyufa. Kwa hiyo mchoma mkaa kuwa macho karibu na saa sita ya usiku si jambo la kutiliwa shaka hata kidogo. Ni shahidi aliyekuwa kazini, nje, angani hakuna paa.

Baadhi yao walieleza kwamba waliona ndege mbili, kubwa na ndogo. Wengine waliona mwanga au moto juu kabla ndege haijaanguka. Tume ya Rhodesia haikuwapa uzito. Na walikuwa na sababu nzuri ya kunyamaza: baadhi ya wachoma mkaa waliofika kwenye mabaki asubuhi walichukua mashine ya kuandikia siri, na wakafungwa kwa wizi. Nani angejipeleka polisi kueleza alichokiona? Timothy Kankasa, aliyekuwa mtendaji katika mtaa wa Twapia, alieleza kwamba aliletewa habari za mabaki asubuhi ile na akazipeleka polisi, saa nyingi kabla ya ule "ugunduzi" rasmi. Kadi hiyo iende fungu la ufichaji, na huko ina nguvu sana.

Basi mwamini kila neno? Hapana. Mpime kama unavyompima Mzungu:

Alihojiwa lini mara ya kwanza? Ushahidi wa 1961 na 1962 ni B. Ule uliokusanywa na Msweden Göran Björkdahl alipozunguka Ndola nusu karne baadaye ni C, hata ukiwa mtamu zaidi. Utamu wenyewe ni wa kuangaliwa: kumbukumbu huota nyama kadiri miaka inavyokwenda.

Ndege ndogo ingeweza kuwa nini? DC-6 ilikuwa na taa za kutua na taa nyekundu ya tahadhari. Taa inayowaka na kuzimika juu ya mwili wa ndege, ikionekana kupitia matawi, inaweza kuonekana ni chombo cha pili. Muulizeni shahidi, au maandishi yake: alisikia milio miwili tofauti? Injini za pistoni na injini ya jeti hazifanani hata kwa asiyezijua.

Mwezi ulikuwaje? Usiku ule mwezi ulikuwa robo ya kwanza, na mwezi wa robo ya kwanza huzama karibu na saa sita ya usiku. Kwa hiyo mwanga ulikuwa unafifia wakati ajali inatokea. Shahidi anayeeleza rangi na alama za ndege kwa mbalamwezi, kadi yake ishuke ngazi. Anayeeleza mwanga, moto na sauti, ibaki.

Naye Julien msimsahau. Alizungumza hospitalini juu ya mlipuko na cheche angani. Tume ya Rhodesia ilisema ni kuweweseka kwa mgonjwa. Daktari kijana aliyemhudumia alieleza baadaye kwamba aliongea akiwa na fahamu. Kadi mbili tofauti: maneno ya Julien ni B, maelezo ya daktari kuhusu hali yake ni C. Watu huziunganisha wakapata A ya bandia.

Hatua ya 6: Kilichobaki chini

Orodha fupi ya vitu vilivyopimwa: magurudumu yalikuwa yameshushwa na kufungwa, vibawa vya kutua (flaps) vimewekwa nyuzi 30, taa za kutua zimewashwa, altimita zilipelekwa Marekani kupimwa na hazikuonekana na hitilafu. Ndege ilikata miti kwa pembe ndogo, kama inayoshuka kwa utaratibu.

Mtetezi wa kosa la rubani ataweka zote mezani, na ana haki. Hii ni picha ya ndege inayojiandaa kutua ikiwa chini mno. Lakini mwulizeni: chini mno kwa sababu gani? Jibu linalopendwa ni kwamba marubani walichanganya Ndola na Ndolo. Ndolo ni kiwanja cha Léopoldville, kilicho chini ya futi 1,000 kutoka usawa wa bahari. Ndola iko juu ya futi 4,000. Ukitumia karatasi ya maelekezo ya kutua ya Ndolo unajiona bado uko juu sana. Ni nadharia nzuri kwa kusimulia, ila ina shimo: rubani alikuwa ameshaziona taa za mji na uwanja kwa macho, na alipewa kipimo cha altimita cha pale pale. Kuchanganya jina ni rahisi. Kutoona kwamba taa za mji ziko karibu mno chini yako ni kazi.

Kuhusu risasi. Miilini mwa baadhi ya walinzi zilikutwa risasi, na hadithi ikasambaa kwamba waliuawa chini kwa bunduki. Wataalamu walikuta risasi hizo hazina mikwaruzo ya mtutu. Risasi iliyopita kwenye mtutu hutoka na alama za mzunguko. Iliyolipuka ndani ya moto haina. Walinzi walibeba risasi zao, na ndege iliwaka. Hoja hii imekufa, izikeni. Hali kadhalika tundu kwenye paji la uso la Hammarskjöld: wataalamu wa miili waliozipitia picha na ripoti kwa ajili ya jopo la Sedley hawakuona dalili kwamba alipigwa risasi.

Mtetezi wa shambulio naye asibebe zaidi ya uwezo. Akisema "hawakutafuta matundu," mkumbusheni kwamba mabaki yaliyeyushwa na kuchunguzwa. Lakini naye ana jibu: asilimia 75 hadi 80 ya kiwiliwili cha ndege iliteketea. Kutokuona tundu katika kitu ambacho robo yake tu ndiyo iliyobaki si sawa na kuthibitisha kwamba tundu halikuwapo. Kwa hiyo kadi ya "hakuna matundu" iandikwe hivi: inadhoofisha shambulio la moja kwa moja, haiondoi.

Hatua ya 7: Chukua rula

Ndege inayotuhumiwa zaidi ni Fouga Magister ya Katanga, jeti ndogo ya mafunzo iliyowekewa bunduki. Hapa watu hubishana kwa sauti wakati ramani iko mezani.

Pimeni Kolwezi, mji wa Katanga wenye kiwanja, hadi Ndola kwa mstari ulionyooka: takriban kilomita 425. Kwenda na kurudi ni 850. Masafa yanayotajwa ya Fouga ni karibu kilomita 900, kwa ndege inayoruka juu na kwa utulivu. Jeti ikishuka chini inakunywa mafuta kwa kasi zaidi. Kwa hiyo kutoka Kolwezi, kuvizia gizani, kushambulia na kurudi Kolwezi, hesabu inabana kiasi cha kukatika. Anayetetea Fouga ana milango miwili: kiwanja cha karibu zaidi na Ndola, au kutua kwenye barabara ya udongo. Achague mmoja na alete ushahidi wake. Asisimame kwenye yote miwili.

Mlango wa tatu ni kubadili ndege. Mwaka 2017 hoja ilielekea kwenye Dornier DO-28, ndege ndogo ya propela iliyotoka Ujerumani Magharibi. Haihitaji kiwanja kizuri. Ni ya polepole, lakini DC-6 inayojiandaa kutua nayo hupunguza mwendo. Swali lake gumu ni kumpata rubani na kuthibitisha chombo kilikuwa wapi jioni ya tarehe 17.

Kuhusu marubani: yupo Mbelgiji mmoja ambaye jina lake limetajwa tangu siku ya ajali, kwenye simu ya maandishi (telegramu) ya balozi wa Marekani Edmund Gullion kutoka Léopoldville. Simu hiyo huletwa kwenye vikao kama ushahidi kwamba Marekani ilijua. Isomeni polepole. Inathibitisha kwamba uvumi ulikuwapo mapema sana na kwamba balozi aliuona wa kupelekwa juu. Hakuna zaidi. Na madai ya watu waliosema walisikia rubani akikiri ni D mpaka yakutanishwe na kitabu chake cha safari na kumbukumbu za mahali alipokuwa. Mtu ameshakufa na familia yake ipo hai. Kwenye kikao semeni "rubani anayetuhumiwa", si "muuaji".

Hatua ya 8: Redio ya Saiprasi

Charles Southall, ofisa wa jeshi la majini la Marekani aliyekuwa kituo cha kunasa mawasiliano Saiprasi, alieleza miongo kadhaa baadaye kwamba usiku ule alisikilizishwa rubani akisema ameiona ndege, anaishambulia, imewaka. Mwanajeshi mwenzake, Paul Abram, aliyekuwa Krete, naye alieleza kusikia jambo la aina hiyo.

Hii ni kadi inayosisimua, na ndiyo sababu ipimwe baridi. Toka Ndola hadi Saiprasi ni zaidi ya kilomita 5,000. Redio za kawaida za rubani kuzungumza na mnara hazifiki huko. Huishia pale upeo wa macho unapoishia. Mawimbi mafupi huweza kufika, hasa usiku, kwa kudunda angani. Kwa hiyo swali la kwanza si "je, anasema kweli?" Ni "ile ndege ilikuwa na redio ya aina gani, au kuna kituo cha karibu kilichonasa na kurusha?" Bila jibu, kadi inabaki C. Uzuri wake ni kwamba inaelekeza mahali pa kutafuta: kama mtu alinasa, kuna karatasi. Ndiyo maana Othman amekuwa akizibana nchi wanachama kwamba mzigo wa kuonyesha zimepekua faili zao za ujasusi ni wao sasa.

Nakala za "Celeste" zipitishwe haraka. Ni karatasi zilizotangazwa Afrika Kusini mwaka 1998, zikieleza mpango wa kutega bomu ndani ya ndege. Asili haijapatikana ikapimwa wino na karatasi. Kadi D, mpaka ionekane.

Hatua ya 9: Kikao chenyewe

Saa mbili zinatosha. Chagueni dai moja tu, liandikwe kwa sentensi moja inayoweza kukataliwa. "Kulikuwa na mkono wa wakoloni" haifai. "Kabla ya 22:15 GMT kulikuwa na ndege nyingine angani ndani ya kilomita 20 kutoka Ndola" inafaa.

Mtetezi dakika 15, mpinzani dakika 15, kisha kadi moja moja. Katikati wabadilishane: mtetezi aeleze hoja ya mpinzani wake mpaka mpinzani aseme "naam, ndivyo ninavyosema." Wengi hushindwa hapa, na mabishano ya miezi huisha.

Mwenyekiti awe na maneno machache. Mfano wa namna anavyokata:

"Waliiangusha kwa sababu ya madini."

"Ndugu yangu, hilo ni fungu la mkono. Tuko kwenye namna. Una kadi?"

"Kila mtu anajua."

"Basi kila mtu ana kadi. Naiomba moja."

Kinachoharibu vikao ni vitu vile vile. Mtu anarundika hoja dhaifu kumi akidhani zitakuwa moja nzito. Zitenganisheni, mzijibu kila moja kivyake. Mwingine akishindwa anahamia kwenye nadharia ya mchanganyiko. Mrudisheni kwenye sentensi aliyoandika mwanzo. Mwingine anamwita mwenzake kibaraka wa wakoloni, au kinyume chake anawaita wachoma mkaa "washirikina". Huyo aombwe kutoka nje apunge upepo. Na kuna anayeleta makala mpya saa ya kufunga. Ipokeeni, itengenezewe kadi, isijadiliwe mpaka kikao kijacho.

Mwisho wa kikao msipige kura ya nani ameshinda. Katibu aandike hali ya dai kwa moja ya maneno manne: limesimama, limedhoofika, limeondolewa, halijaamuliwa. Chini yake aandike waraka mmoja unaokosekana ambao ungelisogeza, faili hiyo inaaminika iko nchi gani, na nani kati yenu ataandika barua ya kuiomba kabla ya mwezi kwisha.